Neville Hataki Kula

Chatu tuliyemleta nyumbani mwezi wa Mei alitosha ndani ya kikombe cha chai. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia neno chatu huanza kutazama mlango uko wapi. Wetu alikuwa chatu wa madoa, wale wa majabalini huku Queensland, na hata akikomaa hatazidi mita moja. Siku tuliyomchukua alikuwa na miezi mitatu, gramu kumi na moja, na unene wa penseli. Binti yangu Tegan, mwenye miaka kumi na miwili, alimwita Neville. Alisema ana uso wa mtu aliyefanya kazi manispaa miaka thelathini na hajapandishwa cheo.

Kibali cha kumfuga kiliandikwa jina langu, maana serikali haimpi mtoto nyoka. Kwa hiyo Neville alikuwa wa Tegan nyumbani na wangu kwenye makaratasi. Nilikuja kuutumia huo ukweli vibaya.

Aliyetuuzia ni Lindsay Pruitt, mstaafu wa reli anayeishi Oakey. Gereji yake haijaingia gari miaka mingi; imejaa masanduku ya plastiki kwenye rafu mpaka juu, kila sanduku na nyoka wake. Alitupa kadi yenye tarehe ya kuanguliwa, tarehe aliyojivua gamba, na milo sita. Kila mlo umeandikwa neno moja tu: panya. Akatupa na masharti. Wiki nzima msimguse, msimchungulie, msimpe chakula; mwacheni ajue yuko wapi. Baada ya hapo mpeni panya. Wiki nne zikipita hajala, mrudisheni, nitawapa mwingine.

Tegan alimuuliza atamfanya nini huyo atakayerudishwa.

Lindsay alijikuna kidevu. "Wasiokula sishindani nao, binti. Hii ni gereji, si hospitali."

Tulirudi Toowoomba, Tegan kiti cha pembeni. Alikuwa amelikumbatia sanduku kifuani, na mimi niliwasha kipasha joto cha gari mpaka mafuta ya midomo yakayeyuka mfukoni.

Tulimwandalia vizuri. Sanduku lilikaa juu ya kabati la vitabu chumbani kwa Tegan. Upande mmoja chini yake tuliweka mkeka wa umeme, nyuzi thelathini na mbili, na upande wa pili tukauacha ubaridi kidogo. Kila upande tuliweka kile kibomba cha kadi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chatu mdogo hataki nyumba kubwa. Anataka kuta zimbane mbavu pande zote. Akiwa na nafasi anajiona kama amelala katikati ya barabara.

Nilimwonya Tegan, na sikuonya kwa upole. "Ukimgusa huyo nyoka kabla ya wiki kwisha, na mimi nitakugusa."

Alitii. Aliyeshindwa ni mimi.

Nina stashahada ya maabara na nimetumia miaka kumi na minane kuchungulia damu za watu. Zamu yangu huanza saa saba mchana, kwa hiyo asubuhi nyumba inakuwa yangu peke yangu. Siku ya kwanza niliingia kusoma joto tu. Siku ya pili niliinua kibomba kidogo nione amelalaje. Alikuwa amejikunja kama kamba ya kiatu iliyosahauliwa, ulimi ukitoka na kuingia, na macho yasiyo na kope yamenikazia. Nikajiuliza ananionaje. Siku ya tatu nilimpima uzito kwenye mizani yangu ya hamira. Siku ya nne tena, maana kipimo kimoja si kipimo. Nikawa naandika namba nyuma ya bahasha ya bili ya umeme: kumi na moja nukta moja, kumi na moja kamili, kumi nukta tisa.

Wiki ilipokwisha tukampa panya. Hawa ni panya wachanga wasio na manyoya, wanauzwa wameganda, na kwenye friza yetu wana droo yao yenye maandishi makubwa ili baba yake Tegan asiwachanganye na soseji. Tulimyeyusha mmoja kwenye maji ya uvuguvugu, tukamkausha, tukamsogeza kwa kibanio kirefu. Neville alirudisha kichwa nyuma, akaingia kwenye kibomba, na hakutoka tena. Siku tano baadaye tukajaribu tena. Mara ya tatu tulimwacha panya ndani usiku kucha, na asubuhi tulimkuta vilevile tulivyomweka, amepauka. Gramu kumi nukta tatu.

Baba yake Tegan anaendesha lori la ng'ombe, mara nyingi yuko Roma, mji wa ng'ombe wa hukuhuku Queensland. Alikuwa akipiga simu anauliza kwanza kama yule jamaa amekula, ndipo anakumbuka kuniuliza mimi mzima.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Ijumaa. Tegan alirudi shuleni, akaenda chumbani, akarudi jikoni na begi bado mgongoni.

"Mama, nani anaingia chumbani kwangu asubuhi?"

Nilimwambia naingia kusoma joto.

"Joto linasomeka nje ya sanduku. Vile vibomba nimeviweka mshono uelekee dirishani. Leo mmoja umeelekea ukutani. Jana pia."

Ningeweza kusingizia tetemeko la ardhi. Nilimwonyesha ile bahasha.

Aliisoma yote, mbele na nyuma. "Kila siku?"

"Jumamosi na Jumapili hapana. Ulikuwepo."

"Ulisema nikimgusa utanigusa. Na wewe uguswe na nani?"

Nilijaribu kusema kibali kina jina langu, nikasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka kipumbavu. Alikuwa na haki. Wiki ile ya kutulia Neville hakuipata. Kila asubuhi ya shule mkono mkubwa ulikuja juu ya nyumba yake, na mwenye mkono alikuwa mtu mzima mwenye stashahada.

Tulibakiwa na siku tisa. Tegan alitangaza kwamba kwa siku saba hakuna atakayemgusa, atakayempima wala atakayempumulia. Akafunga mlango wa chumba chake na ufunguo akaenda nao shuleni. Siku zile saba zilinichosha kuliko zamu mbili mfululizo. Nilisafisha oveni. Nilipanga upya droo ya vifuniko.

Ijumaa iliyofuata, siku ya ishirini na sita, tulimpa tena panya. Safari hii Neville alitoka nusu ya mwili. Ulimi ulienda mbio. Alimkaribia panya, akamgusa kwa pua, akasubiri, akamgusa tena. Kisha akageuka taratibu akarudi ndani.

Tegan aliketi sakafuni na kibanio mkononi. Nilidhani atalia. Badala yake alisema, polepole, "Hajamwogopa. Anamshangaa tu, mama. Kama hajui kwamba ni chakula."

Hilo ndilo swali ambalo mtu wa maabara alipaswa kuanza nalo. Nilichukua ile kadi. Panya, panya, panya, mara sita. Kesho yake asubuhi nikampigia Lindsay na kumwomba anieleze anavyolisha, kuanzia kwenye friza mpaka mdomoni, asiruke kitu hata akiona ni upuuzi.

Alieleza kama mtu anayeulizwa namna ya kuvaa soksi. Unamtoa, unamyeyusha, unamwosha kwa sabuni isiyo na harufu, unamkausha, unamsugulia mjusi, unamshika kwa kibanio...

"Rudi nyuma," nilisema.

"Wapi?"

"Kwenye mjusi."

"Ah, hiyo. Unamsugua panya kwenye mjusi apate harufu. Kila mtu anafanya hivyo, dada. Hawa watoto wakitoka kwenye yai wanajua mijusi tu."

"Kwenye kadi umeandika panya."

"Kwani alikula nini? Si panya?"

Nilimshukuru, maana nimelelewa vizuri, nikakata simu kabla malezi hayajaisha. Ilikuwa Jumamosi, na wiki nne zilikuwa zinakwisha kesho yake.

Sasa tukatafuta mjusi. Wale wa bustanini ni wa asili ya huku, wanalindwa na sheria, na mimi mwenye kibali sikuwa tayari kuandikiwa barua kwa ajili ya Neville. Mjusi kafiri ni jambo jingine. Huyo alikuja na meli za mizigo kutoka Asia na hakuna anayemtetea. Kiangazi wanagongagonga ndimi juu ya kila dari mpaka unakosa kusikia televisheni. Lakini hii ilikuwa Juni, na asubuhi hiyo umande ulikuwa umeganda kwenye nyasi. Nyuma ya friji, hakuna. Chumba cha kufulia, hakuna. Tulifungua kisanduku cha mita tukakuta mavi yao, makavu. Tegan aliokota punje moja akaniuliza kama harufu ya mavi ingetosha. Nilimwambia tuliache liwe wazo la mwisho, tusianzie hapo.

Ni yeye aliyekumbuka tangi la maji ya moto nje, nyuma ya nyumba. Nililivuta bati la pembeni, na kweli, mjusi mmoja wa kijivu alikuwa amejibandika kwenye bomba, mzito kwa baridi. Tegan akashika kopo la aiskrimu chini yake. Mimi nikapeleka mkono. Nilikuwa na uhakika nimemshika mjusi, lakini nilipofungua ngumi nilikuwa na mkia.

"Mama, umemkata!"

"Sijamkata. Ameniachia."

Mjusi mwenyewe alikuwa amesharudi nyuma ya tangi, mfupi na mwenye kinyongo. Mkia ulikuwa bado unajinyonganyonga kiganjani mwangu, unaruka kama una ratiba yake. Niliutazama. Ulianza kwa nguvu, ukapunguza, ukapumzika, ukaanza tena.

"Mama," Tegan alisema. "Unahesabu dakika?"

"Karibu tatu," nilisema.

Saa kumi na moja na nusu jioni tulimwandaa panya. Tegan alimsugua kwa ule mkia, kichwa, mgongo na ubavu, kama anayepaka siagi kwenye mkate. Aliniambia nikae mlangoni, nisisogee, na nisiinamishe shingo. Nikakaa. Kutoka pale niliona mgongo wake, taa ya mezani, na kona moja ya sanduku. Sikuona nyoka.

Alishusha kibanio na kutulia. Nikasikia gari la jirani likiingia, mlango ukifungwa, mbwa akipokea wageni. Tegan hakutikisika.

Kisha mkono wake ulishtuka.

"Amemkamata," alinong'ona. "Mama, amemkamata. Amemzungushia mara tatu."

"Kaanzia kichwani au mkiani?"

"Shh."

Ilimchukua dakika kumi na mbili kummeza. Najua kwa sababu saa ya ukutani ndiyo pekee niliyoruhusiwa kuitazama. Mwishoni Tegan aliniita kwa kidole, na nikamwona Neville akipiga miayo kuzirudisha taya mahali pake, na kivimbe katikati ya mwili, kama soksi yenye limau. Nilitamani sana mizani. Tegan aliniangalia nilipokuwa bado sijafungua mdomo, akasema siku mbili hakuna kumgusa, asije akatapika.

Aliijaza kadi mwenyewe. Hakuandika panya. Aliandika: panya mmoja mchanga, aliyesuguliwa mkia wa mjusi kafiri, jioni, mama akiwa mbali. Nilimwambia hilo la mwisho halihusu. Alisema linahusu kuliko yote.

Jumapili nilimwarifu Lindsay kwamba hatuji. Alisema alijua tangu mwanzo atakula.

Jumatatu asubuhi nyumba ilikuwa tupu na chumba cha Tegan hakikufungwa. Sijui kama alisahau au alinipima. Nilisimama mlangoni, nikasoma joto kwa nje: thelathini na mbili. Mishono ya vibomba ilielekea dirishani. Nikavaa viatu nikatoka nyuma ya nyumba kutazama pale kwenye tangi kama mkia mpya umeanza kuota. Huko hakuna aliyenikataza.