Kitambaa Chini ya Meza ya Leza

Kwa msusi wangu nilisikia kwamba kwenye jengo analofanyia kazi binti yangu, mtu alipofuka jicho bila hata kuhisi maumivu. Tangu hapo usingizi ukanihama. Siku ya wageni ilipofika nikajipeleka mwenyewe.

Nilivalishwa miwani mizito kama yao. Binti yangu akanionyesha karatasi ya alumini, nyembamba kuliko unywele.

"Mama, tunaipiga kwa mwanga wa leza, halafu tunapima inavyokimbia."

"Kwani mwanga una mkono?"

Akacheka. "Subiri uone."

Sikuona kitu. Palilia ta!, kama punje ya bisi, basi. Karatasi ikabaki na tundu la kupita sindano. Kile kipande kilichobanduka, akasema, kimeruka kwa mwendo wa kilomita tatu kwa sekunde. Kwa dada yangu ni safari ya nusu siku; chenyewe kingefika sijamaliza kufunga kilemba! Na kinachokipima ni mwanga mwingine, mwembamba wa kijani. Unakigonga na kurudi umebadilika, kama king'ora kinavyobadilika sauti gari likikukaribia. Mwili ulinisisimka. Kumbe kuna mambo Mungu kayaficha mchana kweupe!

Binti akapandisha miwani kwenye paji la uso anisomee namba za kipimo vizuri. Hapo kitambaa changu kikaniponyoka, kikaingia chini ya meza. Nimemlea hivi: mama haokoti kitu mtoto akiwepo. Akainama.

"Macho!"

Mkuu wao, mama mmoja wanayemwita Kengele, alichomeka kibao cheusi mbele ya uso wa binti. Doa la kijani likatua juu ya kibao, usawa wa jicho la mwanangu.

"Nilikuwa namwokotea mama," binti akasema.

"Adabu hiyo iache mlangoni! Mwanga haujui shikamoo." Kisha akanigeukia, sauti imeshuka. "Samahani, dada yangu. Humu mwanga wote unapita kimo cha meza. Anayeinama anaupelekea jicho."

Mwenzangu mwenye mtoto kwenye kazi hii, usidhani wanaoumia ni wazembe tu. Wangu nusura aponzwe na malezi mema, tena niliyompa mimi. Basi:

Usiingie na kitu cha kudondoka ovyo.
Kikidondoka, usikiokote.
Usimnunie mtoto asiyekuokotea.
Usivue miwani eti pigo limeisha. Mwanga wa kupimia bado unawaka.
Usivae bangili wala saa inayong'aa; itaurusha mwanga machoni.
Usishushe macho usawa wa meza.