Spika za Sikio Moja

Katika kazi ya ukaguzi wa mizani kuna kosa moja lisilosameheka: kumtia hatiani mwenye duka ambaye mzani wake ni sahihi. Anayepunja atakamatwa leo au kesho, lakini aliyeonewa hasahau. Mke wa Mwalimu alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa, hata mtaa mzima ukamwita Mama Mizani, na hakuwahi kuteleza hapo. Kwa hiyo mumewe aliporudi nyumbani Jumamosi ile, akaketi bila kuvua viatu na kusema, "Leo nimemgombeza mtu asiye na kosa," mkewe hakuhitaji kuelezwa uzito wa jambo.

Alielezwa hata hivyo. Mwalimu alikuwa kiongozi wa kwaya ya wafanyakazi wa reli, waimbaji thelathini na wawili wanaofanyia mazoezi katika bohari la zamani la mizigo. Miezi mitatu nyuma aliamka asubuhi akakuta sikio lake la kulia halisikii chochote. Daktari alipima, akapima tena, akasema neva imekufa na haitafufuka. La kushoto lilikuwa zima. Mwalimu alijipa moyo kwamba lililobaki litatosha, kwani hata chongo anaona njia. Jumamosi ile aliisimamisha kwaya katikati ya wimbo, akamnyooshea kidole karani wa tiketi, mwanamke wa sauti ya pili, akamwambia anashusha. Kumbe kosa lilitoka kwenye sauti ya tatu, mstari wa nyuma. Kwaya nzima ilijua. Hakuna aliyefungua kinywa, na huko kunyamaza ndiko kulikomkata maini. Baadaye mwenyekiti wa kwaya alimfuata nje, akamwambia kwa adabu kwamba kama angependa kupumzika, atoe jibu Jumamosi ijayo.

"Nitapumzika," Mwalimu alimwambia mkewe. "Ninunue spika nzuri, nikae kwenye kiti changu, nisikilize muziki wa watu wengine. Huko nikikosea hakuna wa kumwonea."

Spika zao za zamani zilikuwa zimekwisha, koni zake zimeliwa na miaka pembezoni kama soli za viatu vya askari. Jumatatu baada ya kazi walikwenda kwa fundi. Aliyewapeleka ni mdogo wake Mwalimu, mwenye pikapu ya kukodisha. Pikapu yake ilikodishwa, maneno yake yalitolewa bure, ndiyo maana akaitwa Redio.

Karakana ya Fundi ilinuka gundi na mbao mbichi. Jozi mbili zilisimama sambamba ukutani.

"Hizi za mkono huu ni za koni," Fundi alisema. "Koni ya karatasi inatikisika, inaisukuma hewa moja kwa moja chumbani. Ndizo spika za watu wengi. Zile nyingine ni za honi. Kiwambo kidogo kinatikisika huko nyuma, sauti inapita kwenye koo jembamba, inatokea kwenye mdomo mpana. Kama unavyomwita mtu wa mbali ukakinga viganja mdomoni."

"Kwa hiyo hizi zinaongea, zile zinafoka," Redio alisema.

"Ndio ubishi wenyewe huo. Najua watu wawili hawasalimiani kwa sababu yake."

Fundi aliziwasha za koni, kisha akahamishia waya kwenye za honi. Mwalimu aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Redio akapiga paja.

"Hizi, kaka. Zile nyingine zimelala na njaa."

Mama Mizani alikuwa anaitazama amplifaya. "Volyumu hukuigusa," alimwambia Fundi.

"Sikuigusa, mama. Nimeiacha palepale ili iwe haki."

"Ndiyo maana si haki."

Alitoa kwenye mkoba kipima sauti alichoazima ofisini kwa idhini ya maandishi, akaketi pale Mwalimu alipokuwa ameketi. Za koni zilisoma desibeli sabini na nne. Za honi, themanini na tano. Honi haipotezi nguvu hovyo. Umeme uleule unatoka humo na sauti kubwa zaidi.

"Umemlinganisha anayenong'ona na anayepiga ukunga," alisema, "halafu ukauliza nani ana hoja."

Fundi alijikuna shingo. "Mama, nimeuza jozi tano kwa njia hii."

"Hukuwadanganya. Mlidanganyika pamoja, wewe na wao."

Volyumu ya honi ikapunguzwa mpaka kipimo kikasoma namba ileile ya za koni, pakabandikwa utepe. Waliposikiliza tena, Redio alihama upande bila aibu. Sasa za koni zilikuwa tamu, laini, na za honi zilikuwa zinasemea puani. Mwalimu aliulizwa. Alisema kwake zote ni sawa. Tangu sikio lile life, muziki wote umekuwa kama picha iliyobandikwa ukutani, haina mbele wala nyuma. Alilisema hilo bila uchungu, kama anavyosema mtu kwamba mvua imekatika, na mkewe akaogopa kuliko kama angelia.

"Chukueni zote mbili mpaka Jumamosi," Fundi alisema. "Spika ni kama mchumba, huwezi kumjua ukumbini kwa wazazi wake."

Usiku huo Mama Mizani aliamua kwamba "tamu" si kipimo. Mzani haupimwi kwa kuutazama. Unaweka juu yake jiwe ambalo uzito wake umekwisha kujulikana, ukaona sindano inasemaje. Sasa jiwe la sikio ni lipi?

Alilikuta Jumanne ndani ya kabati la mumewe. Kwa miaka sita Mwalimu alikuwa amerekodi kila zoezi kwa maikrofoni mbili zilizoning'inizwa juu tu ya vichwa vya waimbaji, na kila rekodi ilikuwa na daftari lake. *Dakika ya nne, sauti ya pili wamewahi. Dakika ya saba, besi wameshuka.* Madaftari ya mwaka jana yaliandikwa na mtu mwenye masikio mawili, na kwaya nzima haikuwahi kuyabishia.

"Utasikiliza mazoezi ya mwaka jana," alimwambia. "Rekodi moja kwa jozi hii, nyingine kwa jozi ile. Unaandika dakika na sauti iliyokosea. Mimi nalinganisha na daftari."

"Unataka kunipima."

"Napima spika."

"Mzani uliovunjika hauna haja ya kupimwa, mke wangu."

"Hakuna mzani unaojitangaza kwamba umevunjika. Tunaweka jiwe kwanza."

Redio, aliyekuwa mlangoni na kikombe cha chai mkononi, akaona ni zamu yake. "Kaka, mimi shemeji hunipima kila siku kwa jicho tu, hata jiwe hana, na bado nakuja."

Mwalimu akacheka kidogo. Hicho kilitosha.

Jumatano saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado dirishani, kazi ilianza. Sebule yao ilikuwa na sakafu ya vigae, dari tupu na dirisha pana la kioo. Kiti cha Mwalimu kilikuwa mita nne kutoka ukuta wa spika. Mama Mizani alitandaza shuka mbele ya jozi zote mbili, akalinganisha vipimo, na Redio akapewa kazi ya kuhamisha waya kimya kimya. Ilikuwa kazi ya nusu dakika, lakini ilimgharimu jasho.

Rekodi ya kwanza ilikuwa na makosa kumi na mawili daftarini. Mwalimu aliandika, akafuta, akaandika. Alipomaliza, mkewe alilinganisha mstari kwa mstari. Mwalimu alikuwa ameyapata matano. Zaidi ya hapo, mara mbili aliwataja wasio na kosa.

Hakumwambia. Aliomba rekodi ya pili, na kutoka nyuma ya shuka vidole viwili vya Redio vilionyesha kwamba waya zimehamishwa.

Safari hii Mwalimu hakufuta. Penseli ilikwenda taratibu, ikasimama, ikaenda. Makosa ya daftarini yalikuwa kumi na moja. Aliyapata tisa, na hakumwonea mtu.

Mama Mizani alimwekea karatasi zote mbili magotini. Mwalimu alizisoma kwa muda mrefu, moja, halafu nyingine, halafu ile ya kwanza tena.

"Ya pili ni ipi?" aliuliza.

Redio akaivuta shuka. "Honi. Nimewaambia tangu Jumatatu."

"Jumatatu hiyohiyo ulihamia za koni," Mama Mizani alisema. "Na hatujamaliza. Tumejua ni zipi, hatujajua kwa nini."

Alikiburuta kiti cha mumewe mpaka mita moja mbele ya spika za koni, akapunguza volyumu mpaka kipimo kikasoma vilevile pale kitini, akaweka rekodi ya tatu. Makosa yalikuwa kumi. Kwa spika zilezile zilizomtia aibu nusu saa nyuma, Mwalimu aliyapata tisa.

Hapo Mama Mizani aliketi sakafuni kwenye vigae, jambo asilolifanya mara kwa mara, akaeleza kama anavyoeleza mbele ya hakimu.

"Sauti ya spika inakufikia mara mbili. Inakuja yenyewe, kisha inakuja ikiwa imegonga ukuta, dari na kioo. Mwenye masikio mawili huichuja hiyo ya pili bila kujua. Sikio moja halichuji vizuri, linapokea vyote kwa pamoja, chuya na mchele. Honi inarusha sauti yake mbele, kuta zinapata kidogo. Koni inaimwaga huku na huku. Ukiisogelea koni, sauti yenyewe inakuwahi kabla ya kuta. Sikio lako la kushoto linajua sauti ya pili na ya tatu kama lilivyojua mwaka jana. Kinachokuchanganya ni chumba."

"Wewe una hakika?"

"Nina rekodi tatu. Tatu si nyingi. Kesho tutafanya nyingine tatu."

Alhamisi walifanya nyingine tatu, na namba hazikutofautiana sana.

"Basi chukua za koni ukae karibu," Redio alisema. "Ni ndogo, hazijazi nyumba."

Mwalimu alifikiri. "Nikae nimewapa mgongo wote, nimeubana uso kwenye kasha kama mtu anayenong'onezwa umbea? Hapana. Nataka kukaa kwenye kiti changu, ninyi mkiwa hapa, na bado nisikie nani kashuka. Honi." Kisha akamgeukia mkewe. "Zinasemea puani, nakubali. Hata mjomba wangu alisemea puani, na hakuwahi kusema uongo."

Wakafikia uamuzi hivyo. Lakini Mwalimu hakuinuka. Alikuwa anaitazama ile mita moja baina ya alama za miguu ya kiti na ukuta.

"Pale bohari," alisema polepole, "kutoka ninaposimama mpaka mstari wa nyuma ni hatua kumi. Sakafu ya saruji. Paa la bati."

"Naam," Mama Mizani alisema, na hakuongeza neno, kwa sababu mtu akiwa anafikia jawabu mwenyewe hasukumwi.

Jumamosi saa tatu asubuhi Mwalimu aliwaambia waimbaji wayabebe mabenchi. Walinung'unika, wakayabeba. Mistari minne ikawa miwili, ikiwa imepindwa kama kiatu cha farasi, naye katikati, hakuna mwimbaji aliye zaidi ya hatua tatu kutoka kwake. Maturubai ya kufunikia mizigo yaliyokuwa yamekunjwa pembeni yakatundikwa kwenye kuta mbili. Kabla ya kuinua mkono, Mwalimu alimwomba radhi karani wa tiketi mbele ya watu wote, kwa maneno machache.

"Mwalimu, mimi nilidhani umenichoka," karani alisema. "Nilikuwa nataka kuhamia netiboli."

Waliimba. Mwalimu hakusimama mahali pamoja. Alitembea ndani ya kile kiatu, bega la kushoto mbele, kama mtu anayekagua gwaride. Kwenye ubeti wa pili aliinua mkono. Kimya. Akamwelekea dereva mmoja wa treni, mtu mzito wa besi.

"Wewe."

Dereva akatazama chini. "Ni mimi. Nilikuwa nageuza ukurasa."

Vicheko vililipuka, na vilikuwa na nafuu ndani yake. Mama Mizani, aliyeketi mlangoni na karatasi, aliweka alama. Mpaka saa sita Mwalimu aliisimamisha kwaya mara saba. Mara sita mwenye kosa alikiri mwenyewe. Mara ya saba walibishana, na Mwalimu akasema, "Sina hakika, turudie," jambo ambalo hakuwahi kulisema alipokuwa na masikio mawili. Makosa yaliyompita yalikuwa mangapi, Mama Mizani hakujua. Alichora mstari, akaandika kwamba yatapimwa kwenye rekodi.

Watu walipoanza kutawanyika, Mwalimu alipaza sauti: "Wiki ijayo mje dakika kumi mapema. Mabenchi haya ni mazito."

Mwenyekiti alimsogelea, akamwuliza kama hilo ndilo jibu. Mwalimu aliendelea kukunja waya za maikrofoni. Mwenyekiti alisubiri, akaingiwa na shaka, kisha akagundua amesimama upande wa kulia. Akazunguka mpaka upande wa kushoto, akauliza tena.

"Ndilo," Mwalimu alisema. "Nishikie hapa."