GPS ya Burul

Mzee Sagyn alikuwa ameapa kwamba kifaa cha kumwonyesha mtu njia hakitaingia nyumbani kwake angali hai. Lakini asubuhi hiyo ya Juni alikuwa amesimama ndani ya duka la vifaa vya mlimani mjini Karakol, kofia yake nyeupe mkononi, akimsubiri mkaza mwana wake Burul achague kimoja.

Mwaka uliopita aliyekitaka alikuwa Ormon, mwanawe, mume wa Burul, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapandisha wageni milimani kwa farasi. "Baba, waongozaji wenzangu wote wana GPS siku hizi," alisema wakiwa wanakula. Sagyn alicheka mpaka chai ikamwagika. "Basi na farasi mnunulie miwani. Upepo wa kule juu Ak-Moyun haujawahi kumdanganya mtu wa ukoo wetu." Ormon naye akacheka, akainamia sahani yake, na habari ikaishia hapo.

Ilipofika Septemba, farasi mmoja wa safari alikata kamba akakimbia kurudi ng'ambo ya kipito cha mlima cha Ak-Moyun. Ormon akamfuata, ukungu ukashuka. Farasi alirudi mwenyewe. Ormon, wachungaji walimkuta amekufa chini ya genge, si mbali na kibanda cha mawe ambako wageni wake walikuwa wakimngoja na supu motoni.

Majira ya baridi yakapita nyumba ikiwa kimya. Theluji ilipoanza kuyeyuka, Burul alitoa matandiko nje, akayapaka mafuta, akasema kazi ya mumewe ataifanya yeye. Sagyn hakubisha. Aliposema atanunua GPS kwanza, pia hakubisha. Alivaa kofia yake tu akamfuata.

"Hii ndiyo mama yao, dada," alisema Tilek, mwenye duka, akiweka kifaa kikubwa mezani. "Inatuma mpaka ujumbe kwa setilaiti. Ukivunjika mguu huko juu, unaita watu waje."

"Bei gani?"

Tilek aliitaja kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Na kila mwezi kuna malipo yake," akaongeza.

"Hiyo itanivunja mguu hapahapa dukani," alisema Burul, akakisukuma kando. "Nionyeshe cha watu kama sisi."

Tilek akaleta kingine, chembamba, kioo kinang'aa kama simu mpya. Ramani yake ilikuwa na rangi za kupendeza, mito ya buluu, misitu ya kijani. Burul alikipapasa kwa kidole, akatabasamu kidogo.

"Akiwa amevaa glovu je?" aliuliza Sagyn. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

"Atavua, mzee."

"Kwenye theluji, huku ameshika hatamu?"

Tilek alikuna shingo. Akainama chini ya meza, akatoka na kifaa kifupi kinene, kimechubuka pembeni, chenye vitufe vya mpira. "Hiki basi. Kimetumika, mgeni mmoja aliniachia alipokuwa akirudi kwao. Kioo chake ni kidogo na ramani haina urembo. Lakini kinatumia betri za kawaida, zile za tochi. Za akiba uziweke kifuani, maana baridi inazila."

"Kikianguka mtoni?" aliuliza Sagyn.

Tilek alikichukua akakitumbukiza kwenye bakuli lake la chai, akakitoa, akakifuta kwenye suruali. Kilikuwa bado kinawaka. Burul alicheka, na Sagyn akageuza uso, kwa kuwa tangu Septemba alikuwa hajakisikia kicheko hicho.

Burul alivaa glovu zake za sufu, akabonyeza vitufe kimoja kimoja. Vyote vilimtii. Akatoa noti zake za som akalipa.

Wiki hiyohiyo alipanda kukijaribu kabla wageni hawajafika. Sagyn akasema atakwenda naye.

"Na goti lako, Baba?"

"Goti litapanda farasi. Mimi nitakaa juu yake."

Hakuwa amefika Ak-Moyun kwa miaka mingi, tangu goti lilipomharibikia. Njiani kila penye kivuko au njia panda Burul alisimama, akabonyeza kitufe, akaweka alama. Sagyn alitazama akinung'unika kwamba kwa mwendo huo watafika wakiwa na mvi wote wawili. Walikivuka kipito salama. Upande wa pili, walipoanza kushuka kuelekea kibandani, ukungu ukawafunika mara moja, mpaka Sagyn asiyaone hata masikio ya farasi wake.

"Simama," alisema Sagyn. Akavua kofia, akanyoosha shingo. "Upepo huu hapa. Upepo unaoshuka kutoka barafu kuu ya mlimani. Uweke kwenye shavu la kulia ushuke moja kwa moja, kibanda hicho. Ndivyo nilivyofundishwa na baba yangu." Akamgeuza farasi kushoto.

"Baba, GPS inaonyesha kibanda kiko kulia."

"GPS imezaliwa wapi?"

"Baba." Sauti ya Burul ilikuwa imebadilika. Alikuwa ameshuka, ameshika hatamu za farasi wa mzee kwa mikono miwili. "Nakuomba. Twende kulia."

Burul hakuwahi kumshikia hatamu bila kuambiwa. Labda ndiyo sababu Sagyn alikubali kuongozwa. Walikwenda polepole, upepo ukimpiga shavu la kushoto, na kila hatua mwili wake mzima ukimwambia kwamba wanapotea. Kisha farasi akasimama, na mbele yao kulikuwa na ukuta wa mawe na mlango wa mbao. Kibanda.

Sagyn alikaa kwenye benchi la ndani akiwa bado na kofia mkononi. Burul aliwasha jiko, akachemsha chai, akaweka mkate na siagi mbele yake. Mzee hakuvigusa.

"Tungekwenda kushoto," alisema mwishowe, "tungefika wapi?"

Burul alipunguza moto ingawa haukuhitaji kupunguzwa. "Kwenye genge," alisema.

Wahenga husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ormon alisikia. Tangu akiwa mtoto anayepakatwa kwenye tandiko alifundishwa kuuweka upepo shavu la kulia, na siku ukungu uliposhuka aliuweka shavu la kulia akashuka moja kwa moja.

"Ulijua?" aliuliza Sagyn.

"Nilikuja na waliokuja kumchukua. Nilisimama pale alipoangukia. Nami alikuwa amenifundisha ule upepo." Alikaa chini karibu na miguu ya mzee. "Sikutaka ujue, Baba. Ndiyo maana sikutaka upande."

Majira yote ya baridi Burul alikuwa akimmiminia mzee chai, akimkanda goti, akimwita Baba. Sasa alimwekea blanketi mabegani akatoka kuwafungua farasi matandiko, na alikaa huko muda mrefu kuliko kazi yenyewe.

Kulipopambazuka anga lilikuwa safi. Sagyn alitoka akatazama juu, mahali ambapo ujana wake wote barafu kuu ilikuwa imelala kama ng'ombe mweupe, ikijaza bonde lote. Palikuwa na mawe matupu ya kijivu. Barafu ilikuwa imerudi nyuma, kipande chembamba tu kimening'inia kileleni, na upepo sasa ulikuwa ukija kutoka bonde jingine kabisa. Hakuna aliyemwambia. Na yeye hakuwa ameuliza.

"Wageni wako wanafika lini?" alimwuliza Burul, aliyekuwa akikaza mikanda ya tandiko.

"Jumatano."

"Uchukue betri za kutosha."

"Nitachukua, Baba."

Burul alimshikia kikuku cha kukanyagia apande. Mzee alitia mguu, akashika tandiko, lakini hakujiinua. Aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa farasi, akalia. Burul aliendelea kukishika kikuku, hakumharakisha.