Samaki Mwenye Mabawa

Chewa, mkunga, bata bukini. Mwanafunzi Eibhlín aliyapanga majina hayo matatu chini ya neno “Samaki” kwa mwandiko safi, wala hakuona kosa. Mwalimu Gobnait akalikata la tatu kwa wino mwekundu, akalieleza darasa: wote watatu wana uti wa mgongo, lakini mwenye manyoya, mabawa na damu moto ni ndege, hata ashinde majini mwaka mzima. Mtoto akaenda nalo nyumbani. Hapo ndipo Gobnait alipojichongea.

Maana katika parokia yao, pale pwani ya Kerry, Ayalandi, bata bukini huliwa Ijumaa na Kwaresima nzima, siku ambazo Kanisa hukataza nyama na kuruhusu samaki. Huja na baridi kutoka baharini, hakuna aliyewahi kuona kiota chao, basi wazee wakasema ni watoto wa bahari, na mapadri wakaliacha lilivyo. Njaa nayo ina elimu yake.

Kufikia Ijumaa habari zilikwisha kumfika mama yake Gobnait, Neans, kitandani. Wiki ya tatu hiyo tumbo lake lilikataa kila kitu ila mchuzi wa bata bukini. Jioni ile alikaza midomo mbele ya kijiko.

“Nasikia umemsahihisha Eibhlín, mjukuu wa Tadhg.”

“Kunywa, mama, unapoa.”

“Ni samaki au ndege?”

“Wewe mgonjwa. Padri amekuruhusu hata nyama ya ng’ombe.”

“Ruhusa yake akae nayo. Namuulizia baba yako.”

Gobnait akashusha kijiko. Baba yake alikufa ghafla Ijumaa ya Kwaresima, pale mezani, mchuzi huohuo ukiwa midomoni, na padri hakumwahi ili amwondolee dhambi.

“Asiyejua hana dhambi, mama.”

“Alijua. Kila akimpiga bata mmoja alirudi ananicheka: ‘Neans, huyu samaki wako damu yake inaniunguza mkono.’ Mimi namwambia nyamaza, watoto wana njaa.” Akamshika binti yake kifundo cha mkono. “Miaka ishirini na sita sijamwambia mtu. Nakuuliza wewe uliyesoma. Nikienda huko mbinguni, nitamkuta?”

Tangu ujana Gobnait alijivunia kwamba hajapata kumfundisha mtu jambo asiloliamini. Hasira zikampanda: kwa padri, kwa ule wino, kwa marehemu aliyeshindwa kufumba mdomo. Kisha zikamwisha zote, akabaki na hofu tupu.

“Ni samaki,” alisema. “Huzaliwa baharini. Nilikosea mimi.”



“Basi Jumatatu kamwambie yule mtoto.”

“Mama, jamani.”

“Mbele ya wenzake. Si ulikosea mbele yao?”

Gobnait akaitikia kwa kichwa. Mama akafungua kinywa, akanywa kijiko baada ya kijiko hadi bakuli likaisha, akajifuta midomo kwa ncha ya shuka. Kisha akanyoosha mkono, akamgusa binti yake shavuni.

“Tangu mdogo hujui kusema uongo, mwanangu,” alisema taratibu. “Jumatatu ujitahidi.”