Kambi ya Bure ya Kona ya Kasuku

"Mimi ukiniambia siri, imekufa na kuzikwa, na kaburi lake simwoneshi mtu," alisema Brodie Hanrahan, huku akimega pai ya nyama ya Mzee Clarrie bila hata kuomba.

"Mdomo wako huo," alijibu Mzee Clarrie Nankervis, akivuta sahani yake, "unahitaji breki kuliko gari lako."

"Mwache ale, Clarrie," alisema mkewe, Bi Thelma. "Mtu akitafuna, angalau hasemi."

Walikuwa wamekaa nje ya kituo cha mafuta kusini mwa mji wa Charleville, mwezi wa saba, katikati ya baridi ya huko, msimu ambao wastaafu wote wa kusini hufunga karavani, zile nyumba za kuvutwa, nyuma ya magari na kukimbilia joto. Mzee Clarrie na mkewe walikuwa na majira ya baridi ishirini na sita ya kulala mahali pamoja tu: Kona ya Kasuku, kwenye mto Warrego, ndani ya shamba la kondoo la mama mmoja aliyeruhusu watu anaowajua walale bure. Sharti lake lilikuwa moja. Mahali pale pasiingizwe kwenye simu.

Brodie walimwokota mwaka jana barabarani, rejeta ya gari lake ikichemka kama sufuria ya viazi. Mzee Clarrie akaiziba, Bi Thelma akamhurumia, wakaenda naye Konani. Alikula soseji zao siku tisa. Sharti alilikubali mkono mmoja kifuani, mkono wa pili una soseji.

Safari ya mwaka huu haikuwa ya kawaida. Daktari alikuwa amemwambia Bi Thelma kwamba macho yake yanakufa kuanzia katikati. Kufikia Krismasi angebaki kuona pembeni tu. Watoto walitaka kumpeleka baharini. Akakataa. Alitaka kukaa Konani alasiri, kasuku wale wa rangi ya waridi wanaposhuka kunywa maji mpaka ukingo wote unageuka rangi.

"Nikiwaona vizuri mara moja tu," alisema sasa, akifuta makombo mapajani, "basi, macho yaende yanakotaka."

Hapo Brodie hakucheka.

Siri ya mtungi aijuaye kata, nayo kata yetu hii ilikuwa imetoboka siku nyingi. Wiki tatu baada ya kuagana nao mwaka jana, Brodie alikuwa mji wa Longreach na vijana wenzake, kila mmoja akijigamba kwa kambi ya bure aliyoigundua. Huyu ana ufuo, yule ana maporomoko. Ulimi ukamwasha. Akaiweka Kona kwenye ile programu ya simu ya kutafutia kambi ambayo kila msafiri anayo: njia, geti, picha, kila kitu. Kabla hajapiga mswaki alikuwa amepewa alama za mioyo mia nne. Alijiambia ataifuta kesho. Lakini kila alipoifungua aifute, mioyo ilikuwa imeongezeka, na ni nani anayejipokonya sifa kwa mkono wake mwenyewe?

Wakaondoka, karavani mbele, Brodie nyuma. Walikuwa na redio za kuongea gari kwa gari, na njia nzima Bi Thelma alikuwa hewani.

"Brodie, kuna emu kushoto. Au ni kichaka?"

"Ni kichaka, bibi. Lakini kimevaa manyoya ya ndege."

Akamsikia akicheka. Mara tatu Brodie alibonyeza kitufe ili aseme ukweli. Mara ya kwanza akauliza habari za mvua. Ya pili akasema gari linavuta vizuri. Ya tatu akabonyeza, akaachia. Kilomita mia na zaidi, barabara imenyooka, hakuna wa kumkatiza. Angeweza kukiri mara kumi.

Njiani kuingia Konani walikuta mawe. Kila jiwe lilikuwa kubwa kama friji, yamepangwa kutoka uzio hadi uzio, na juu yake ubao ulioandikwa kwa brashi: KONDOO WANGU WAMEKULA KARATASI ZENU ZA CHOONI. KAMBI IMEFUNGWA.

Mto ulikuwa kilomita mbili mbele, na magoti ya Bi Thelma hayakuweza hata nusu yake. Mzee Clarrie akapanda kichuguu kutafuta mtandao, akampigia mwenye shamba. Aliporudi alikuwa ameshika kofia mkononi.

"Amekataa. Anasema mmoja wa watu wangu ndiye aliyetoboa siri." Akamtazama Brodie. "Watu gani? Mimi nina watu gani?"

"Watalii wa kigeni hao, mzee," Brodie akasema haraka. "Hawana adabu. Wanafuata magari ya watu, ndiyo kazi yao."

"Usimtazame kijana hivyo, Clarrie," alisema Bi Thelma. Alikuwa amekalia kiti chake cha kukunja palepale kwenye vumbi, ameyaelekea mawe. "Huyu ni mropokaji, lakini hawezi kutuuza."

Brodie akaona heri angetukanwa.

Vumbi likainuka nyuma yao. Gari dogo lenye godoro juu likasimama, akashuka binti mmoja Mdachi mwenye simu mkononi. Akatazama simu, akatazama mawe, uso ukasawijika. Kisha akamwona Bi Thelma.

"Bibi! Ni wewe!"

"Mimi nani, mwanangu?"

"Bibi wa kwenye picha! Umekaa hivyohivyo, ndege nyuma yako. Nimeendesha siku mbili kwa sababu yako!"

Bi Thelma akaipokea simu, akaileta karibu na pua, akaigeuza pembeni, akairudisha.

"Sioni vizuri. Nisomee kilichoandikwa."

"'Bure kabisa,'" binti akasoma. "'Choo hakuna, lakini vichaka tele. Msimwambie mtu, ha ha.' Imeandikwa na…"

"Jina acha," alisema Mzee Clarrie, bila kumwondolea Brodie macho. "Atalitaja mwenyewe."

Brodie akalamba midomo. Lakini binti alikuwa ameshaiona ile picha ndogo ya uso iliyo kando ya jina, akainua macho, akamtazama Brodie, akarudi kwenye simu, akachanua kwa furaha kama aliyekutana na ndugu ugenini.

"Kumbe mko wote hapa!"