Mshona Kofia na Mwanawe

Nilimwambia mkutubi waziwazi, bila kuumauma maneno, kwamba nataka kitabu cha mama anayeachana na wanawe, na mwisho wanawe wawe salama. Alinitazama juu ya miwani kana kwamba nimeagiza chai isiyo na maji. Akapotelea kwenye rafu, akarudi na kitabu chembamba chenye jalada la kijivu.

“Mwandishi alikuwa mtoto wa Kiyahudi wakati wa ile vita kuu, Wanazi walipokuwa wanawaua Wayahudi kila walipowakuta,” akasema. “Mama yake alimtoa kwa watu wamfiche.”

“Na mtoto?”

“Mtoto anapona.”

Basi, nikatosheka. Sikuuliza la pili.

Shida yangu ilikuwa hii. Nilikuwa nimepata kazi nchi ya mbali, kumtunza mzee asiyeweza kuinuka kitandani, mkataba wa miaka miwili. Dada yangu alikubali kuwachukua wanangu, na tiketi ilikuwa imeshatumwa. Kila aliyehusika alijua, isipokuwa hao wawili wenyewe, maana kila nikifungua kinywa niwaambie najikuta nawauliza kama wamepiga mswaki. Nikaona afadhali kitabu kitangulie kusema, mimi nifuate nyuma.

Mchana kutwa nilinyoosha mashuka ya hoteli. Ni kazi ya watu wawili kwa kila mashine: mmoja anaingiza shuka mbele, mwenzake analipokea nyuma likiwa la moto. Mashine inanguruma, hamsikilizani. Unaweza kufanya kazi na mtu miaka nenda miaka rudi na usijue ana watoto wangapi. Mwenzangu alikuwa na uso wa huruma, lakini sikuwahi kumwambia lolote. Baba wa watoto alikwishaondoka zamani, akaenda na redio na mwavuli pekee tuliokuwa nao. Kwa hiyo neno hili nilikuwa nalo peke yangu, nalipeleka kazini asubuhi na kulirudisha nyumbani jioni.

Jioni, vyombo vikishaoshwa, tulikaa watatu juu ya godoro. Binti yangu ana miaka kumi na miwili, na tangu aanze kusema tunamwita Wakili; ukimwambia jua limetoka atataka shahidi. Mdogo wake wa miaka sita ni Babu, kwa vile anatembea mikono nyuma na kuguna akikaa.

Nikasoma. Mama wa kitabuni alikuwa mshona kofia. Wanazi waliuteka mji wao, wakawafungia Wayahudi katika mtaa mmoja uliozungushiwa ukuta, kisha wakaanza kuwapakia kwenye mabehewa na kuwapeleka kambini kuwaua. Sehemu nyingine niliziruka, kwa ajili ya Babu.

“Umeruka,” Wakili akasema. Kumbe alikuwa anasoma juu ya bega langu.

“Sijaruka.”

“Umeruka mpaka yule mzee wa ghorofa ya chini amekufa, na hatujui amekufaje.”

“Amekufa kwa maradhi. Sikiliza.”

Siku moja tukafika penyewe. Mshona kofia alimvalisha mwanawe makoti mawili, akamkabidhi kwa mwanamke muuza maziwa aliyekubali kumficha shambani kwa jina jingine. Akamwonya asilie njiani, kwa kuwa mtoto wa muuza maziwa halii akienda kwao. Hapo sauti yangu ikaanza kutetemeka, nami nikaiachia itetemeke, maana nilitaka yawaingie kabisa. Nikafunga kitabu.

“Mnaona? Alimtoa kwa sababu alimpenda. Mara nyingine mama inambidi akae mbali na wanawe ili…”

“Unakwenda wapi?” Wakili akauliza.

Yaani hata sentensi hakuniachia niimalize. Nikawaambia yote harakaharaka: mzee wa kitandani, mama mkubwa, shule mpya. Babu alikuwa anamtazama dada yake ajue kama habari hii ni njema au mbaya.

“Yule mama walikuwa wanataka kumuua,” Wakili akasema. “Wewe nani anakufukuza?”

“Kodi! Ada yako! Hilo tumbo lako lisilojua kushiba!”

“Kodi si Wanazi, mama. Na mama mkubwa hatufichi. Tunakwenda kukaa kwake tu.”

Nikamwambia afunge domo lake. Akalifunga, akachukua kitabu na kwenda kukisoma chooni, penye mlango pekee wenye komeo nyumbani kwetu. Nilikuwa na hasira, lakini zaidi ya hasira niliona aibu, na si mbele ya watoto peke yao. Nilimwonea aibu mshona kofia. Nilikuwa nimeazima mwanawe, na ukuta, na mabehewa, ili mimi nionekane sina njia. Yeye kweli hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo, nyembamba na ya kuchosha, ya kuendelea na mashuka na kubanana. Nikaitazama, nikachagua kuondoka. Tulilala bila kuagana.

Kesho yake nilirudi nikamkuta Wakili amekimaliza kitabu. Hakununa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alikuwa anamenya viazi.

“Wewe ulikisoma mpaka mwisho?” akaniuliza.

“Bado.”

“Mama yake hakurudi. Alimwahidi atarudi theluji ikiyeyuka. Ikayeyuka, yule mtoto akawa anashinda dirishani mpaka muuza maziwa anamvuta asionekane. Kumbe mama yake alishauawa kambini. Huyo mtoto amekua, amezeeka, ana wajukuu. Anasema njaa aliisahau, na lile jina la uongo alilizoea. Lakini theluji ikianza kuyeyuka, mpaka leo hawezi kukaa ndani ya nyumba.”

Nikakaa chini. Mkutubi alisema mtoto anapona, na kweli alipona.

“Mimi sitakufa, mwanangu,” nikasema. “Nakwenda kumgeuza mzee kitandani.”

“Najua. Nenda.” Hakuinua macho kutoka kwenye kiazi. “Ila usituambie siku ya kurudi. Wewe rudi tu.”

Nilikuwa nimepanga kuwapa kalenda, tarehe imezungushiwa wino mwekundu. Nikajikaza, nikamwambia sawa.

Babu hakukubali. Alikuja akanivuta shingo. “Mimi niambie. Sikioni, yeye asisikie.”

Nikainama, nikamnong’oneza: miaka miwili. Akahesabu vidole, midomo ikicheza.

“Hiyo ni karibu au mbali?” akauliza, kwa sauti yake yote.

“Karibu,” nikasema.

Wakili akaweka kisu chini.

“Mbali,” akamwambia mdogo wake. “Ni mbali sana. Njoo hapa nikufundishe kumenya.”

Babu akaniachia shingo, akaenda kwake.