Kinyozi Aliyeshikwa na Mbio

Kinyozi wetu tulimwita Taratibu. Ukikaa kwenye kiti chake ungeweza kusinzia, ukaota, ukaamka, naye bado yuko kwenye sikio la kwanza. Basi ghafla akawa umeme. Wateja wakafurahi.

Mkewe hakufurahi. Mume alimaliza sufuria nzima, na bado suruali zikamvuka. Alitokwa jasho hata asubuhi ya baridi, akaoga kila saa, akagombana hata na feni.

"Mwanamume anayekula hivi na anakonda," mke alimwambia mama yake kwa simu, "ama ana minyoo, ama ana mwanamke."

"Minyoo haimfanyi mtu aoge kila saa," mama akajibu. "Nakuja."

Kabla hajafika, daktari mmoja aliingia kunyolewa ndevu. Povu lilikuwa limemjaa kidevuni alipouona wembe ukitetemeka hewani.

"Ndugu yangu, weka wembe chini kwanza."

"Nimekuudhi, daktari?"

"Bado."

Daktari akamshika kifundo cha mkono. Moyo ulikuwa ukienda mbio na mwenyewe amesimama tu. Akayatazama macho yaliyomtoka, akamwambia ameze mate, akaona kivimbe shingoni kikipanda na kushuka. Wakaongozana hospitali, daktari akiwa na povu shavuni.

Majibu ya damu yalipotoka, mke alikuwepo.

"Tezi ya shingoni ndiyo inayoupa mwili mwendo," daktari alieleza. "Homoni zake ziko juu mno. Hii namba iliyozama ni homoni ya kichwani, ile inayoiamuru tezi. Kichwa kimeacha kabisa kuamuru, lakini tezi haisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini."

"Kwa hiyo si mwanamke?"

"Ni tezi, dada."

Mke akacheka mpaka machozi, akamkumbatia mumewe na jasho lake lote.

Dawa zilichukua muda, lakini mikono ilitulia na mwili ukarudi. Mama mkwe, aliyekuja amejifunga kibwebwe, alisimuliwa yote. Akajipapasa shingo.

"Hata mimi husikia joto. Na hasira zisizo na sababu."

Naye akapimwa. Kila namba ilikuwa mahali pake.

"Mama, tezi yako haina neno," daktari alisema kwa upole.

"Sasa hizi hasira zinatoka wapi?"

Daktari akamtazama kinyozi. Kinyozi akatazama dari.